Injini Yanguruma, Taa Haiwaki

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni)

Aliye kitandani kwa ugonjwa, aliye jikoni akichemsha chai, aliye njiani kwenda kivukoni, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Somo letu la leo latoka katika kitabu cha Ufunuo wa Yohana, sura ya 3, tangu mstari wa 1 hadi wa 6. Mwenye Biblia na aifungue, na asiye nayo atege sikio tu. Ni barua fupi ambayo Bwana alimwagiza Yohana aipeleke kwa kanisa la Sardi. Katika barua hiyo Bwana hawalaumu watu wa Sardi kwa ajili ya sanamu, wala kwa ajili ya walimu wa uongo, kama alivyowalaumu wengine. Lawama yake ni nyingine kabisa. Kanisa lile lasifika kila mahali kuwa ni zima, kumbe machoni pake limekwisha kufa.

Tutaieleza barua hii kwa msaada wa chombo ambacho wengi wetu twakijua, nacho ni jenereta.

Wengine watauliza, jenereta na Neno la Mungu wapi na wapi? Lakini kisiwa hiki kina deni kwa jenereta. Shirika la umeme la nchi yetu, likisimulia historia yake, huanzia mwaka wa 1875, wakati Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipojipatia jenereta ya kutia nuru jumba lake na mitaa iliyo karibu. Mwaka wa 1908 mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliipata mashine hiyo, na kutokana nayo ikaundwa kampuni ya kukipa kisiwa hiki umeme. Mwaka wa 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi zikaunganishwa kuwa moja. Basi kabla ya nguzo na nyaya ndefu tuzionazo leo, palikuwa na mashine moja iliyovushwa bahari.

Siku hizi nyaya zimefika kila pembe ya Mji wa Kale, tangu Ndia Kuu hadi Kibokoni. Hata hivyo stima hupotea. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, zilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Usiku ule jenereta moja katika uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ilikataa kuwaka, na abiria wakakaa gizani. Watu walikasirika, na kosa likajulikana pale pale, maana jenereta isiyowaka haimdanganyi mtu. Sisi leo twataka kuzungumza habari ya jenereta ya namna nyingine: ile inayowaka vizuri, inayonguruma, inayokula petroli, na isitoe umeme hata kidogo.

Wapenzi wasikilizaji, hebu tutazame hasara yake. Tuseme stima zimepotea katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, jioni ya mwezi wa Machi, joto likiwa kali. Mnajua nyumba za kule zilivyobanana. Madirisha yanatazamana, jirani akikohoa jirani asikia. Nyumba moja yawasha jenereta, na mlio wajaza kichochoro kizima. Ghorofani ng'ambo ya pili yumo mama mzee mwenye ugonjwa wa sukari. Dawa yake ya sindano, insulini, akiba yake hutakiwa kukaa mahali pa baridi, na friji lake limezimika tangu asubuhi. Asikia mlio ule, moyo wake watulia. Ajifunga buibui, aitia dawa katika kitambaa, ashuka ngazi moja moja kwa sababu ya magoti, avuka kichochoro, abisha hodi. "Wanangu, nimesikia mashine yenu. Niwekeeni dawa yangu hapa kwenu."

Nao wenye nyumba wafanyeje? Mashine yanguruma uani, lakini ndani ni giza, na friji lao ni vuguvugu kama lake. Laiti mashine ile ingenyamaza, mama yule angekwenda mapema kwenye mlango mwingine. Mlio ndio uliomleta.

Mlio ni ahadi, ndugu zetu. Kengele ya kanisa ni ahadi. Kipaza sauti cha mkutano wa injili ni ahadi. Kwaya iliyovaa sare ni ahadi. Hata jina la Mkristo, pale mtu anapojiita hivyo kazini au sokoni Marikiti, ni ahadi. Katika Mji wa Kale wengi wa jirani zetu ni Waislamu, watu wenye heshima na ukarimu, nao hutusikia. Hutusikia Jumapili asubuhi, hutusikia katika mikesha, hutusikia tunapofanya harambee. Je, yule anayetusikia, akibisha hodi akiwa na shida yake mkononi, atakuta nini ndani? Wazee walisema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Neno hilo walilinena juu ya mtu, lakini hata kanisa laweza kuwa debe.

Sasa, jenereta ikiwaka bila kutoa umeme, mwenyewe hufanya nini kwanza? Mara nyingi huongeza mafuta. Aona injini haina nguvu, kwa hiyo aikimbiza. Lakini jenereta ndogo nyingi za hapa petu zimepangiwa mizunguko 3000 kwa dakika, ili zitoe umeme wa volti 240 kama ule wa nyumbani. Ikiwa mwendo umepungua kidogo, taa hufifia, na kurekebisha mwendo kwasaidia. Lakini ikiwa taa haikuwaka kabisa, kuikimbiza injini hakuleti kitu. Injini yachakaa bure, petroli yaisha, kelele zawakera majirani. Tena umeme ukirudi ghafla wakati injini inakwenda mbio kupita kiasi, hupanda mno na kuunguza vyombo vya nyumba.

Je, hatuyaoni mambo hayo katika makanisa? Upendo umepungua, basi twaongeza mikutano. Maombi yamekauka, basi twanunua vipaza sauti vikubwa zaidi. Vijana wametoroka, basi twaunda kamati, na juu ya kamati twaweka kamati nyingine ya kuisimamia. Hakuna ubaya katika kamati, wala katika kipaza sauti. Lakini vitu hivyo ni injini. Injini huzungusha, haiwezi yenyewe kuwasha taa.

Fundi mzuri haanzi hivyo. Huizima mashine, huiacha ipoe, kisha huanza na yaliyo madogo. Aichukua taa iliyochomekwa aijaribu mahali pengine, asije akailaumu jenereta kwa kosa la taa. Aitazama ile swichi ndogo inayojikata yenyewe mzigo unapozidi. Huenda imejikata, na kuirudisha ni kazi ya kidole kimoja. Aangalia soketi na nyaya. Hewa ya kisiwa hiki ni ya chumvi, nayo haina huruma na chuma wala shaba. Waya uliokuwa ukimetameta wakati wa kununuliwa, baada ya misimu miwili ya kaskazi na kusi huota kutu ya kijani penye kiungo, na kutu ile yatosha kuzuia umeme wote. Mashine nzima ni nzima, ila mahali pamoja hapagusani.

Nasi tuanze na madogo. Wazee wawili wa kanisa hawasemezani tangu mwaka juzi kwa ajili ya mpaka wa kiwanja au posa iliyokataliwa. Wanakaa safu moja, wanashiriki meza moja, lakini hawagusani. Kutu ile ndiyo iliyokata umeme, na sisi twatafuta sababu mbali sana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Madogo yakiwa salama, fundi hufungua kifuniko cha nyuma, akatazama kaboni. Kaboni ni vipande viwili vidogo vya makaa, kila kimoja hakizidi ncha ya kidole, vinavyoegemea pete za shaba zinazozunguka. Kazi yake ni kupeleka umeme mdogo kwenye koili ile inayozunguka ndani. Si kila jenereta inazo, lakini nyingi zinazo. Kaboni huisha kwa sababu ya kutumika. Kila saa mashine inapofanya kazi, nazo zasuguliwa kidogo, hata siku moja ni fupi mno, hazifiki tena kwenye pete. Hapo mashine yote, pamoja na injini yake ya gharama kubwa, ni bure kwa ajili ya kipande kidogo cha makaa.

Tafakarini jambo hili, wapenzi wasikilizaji. Katika kila kanisa wapo watu wa namna hiyo. Ni mama mmoja anayefungua mlango alfajiri na kuomba peke yake. Ni mwalimu wa shule ya Jumapili ambaye hajawahi kuitwa mbele apigiwe makofi. Ni kijana anayewatembelea wagonjwa katika wodi bila kutumwa na mtu. Hao wasuguliwa kila siku, nao wapungua kwa ajili ya wengine. Siku mama yule anapofariki tunamzika kwa heshima, twampa shada la maua, na hatuweki mtu mahali pake. Baada ya mwaka mmoja twaulizana, kwa nini kanisa letu limepoa? Tumebadilisha mchungaji, tumepaka rangi ukuta, na kumbe kilichokosekana ni kile kipande kidogo kilichokuwa kikigusa.

Kabla hatujaendelea, tuna neno moja la usalama, maana uhai ni kipawa cha Mungu na hatuna ruhusa ya kuuchezea. Jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba, wala chini ya ngazi, wala kichochoroni chini ya dirisha la jirani. Moshi wake una hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Wala isichomekwe katika soketi ya ukutani ili ilishe nyumba nzima, maana umeme ule waweza kurudi katika nyaya za barabarani ukamuua fundi aliye juu ya nguzo. Na mtazame jambo hili: mashine isiyotoa nuru haikosi kutoa moshi. Haiwezekani kuunguruma bure bila madhara. Vivyo hivyo kanisa lililopoteza nguvu yake haliwi kimya tu. Hutoa masengenyo, hutoa magomvi ya vyeo, na walio karibu huvuta hewa hiyo bila kujua.

Sasa twaja kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Fundi ameona taa ni nzima, swichi ni nzima, nyaya ni safi, kaboni ni ndefu, na bado hakuna umeme. Atwaa kipima umeme chake, awasha injini, apima penye soketi. Ni nini anachotafuta? Anatafuta masalio.

Jenereta hutoa umeme kwa kuzungusha sumaku karibu na koili za waya. Hilo liligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka wa 1831. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, na alipata kuwa mzee wa kanisa dogo mjini London. Lakini sumaku iliyomo katika jenereta nyingi za leo si sumaku ya siku zote. Ni chuma kilichozungushiwa waya, nacho huwa sumaku yenye nguvu pale umeme unapopita katika waya ule. Na umeme huo watoka wapi? Watoka katika jenereta yenyewe. Basi mtu atauliza: umeme unahitaji sumaku, na sumaku inahitaji umeme, ni kipi kinachoanza?

Jibu lilielezwa mwaka wa 1867. Mwezi wa Januari, mjini Berlin, wataalamu walisomewa maelezo ya Werner Siemens kwamba chuma kikiisha kuwa sumaku, hata umeme ukikatwa, hubaki na sumaku kidogo. Mwezi uliofuata Charles Wheatstone akaeleza jambo hilo hilo mjini London. Masalio hayo ni madogo sana, lakini yatosha. Injini ikizungusha, masalio yazaa umeme mdogo. Umeme ule waongeza sumaku. Sumaku yazidisha umeme. Na katika sekunde chache volti zimefika 240. Ni kama donge dogo la unga uliochacha jana, ambalo mpishi hulihifadhi ili liumue unga wa leo.

Kwa hiyo fundi akiona kipima kinaonyesha volti mbili tatu, hufurahi. Taa haiwezi kuwaka kwa volti tatu, lakini yeye ajua kwamba masalio yapo. Kosa liko katika kile kidude cha kudhibiti umeme, au katika njia ya kuifikisha nguvu ile ndogo kwenye koili. Hayo yanatengenezeka.

Hapa ndipo twarudi Sardi. Sardi ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Lidia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Ulikuwa mji wa dhahabu, mji wa mfalme Kroeso ambaye utajiri wake ulikuwa mfano kwa mataifa. Ngome yake ilikaa juu ya majabali. Hata hivyo, yapata mwaka wa 546 kabla ya Kristo, Koreshi mfalme wa Waajemi aliuteka, maana askari zake walipanda upande ule ambao wenyeji hawakuweka mlinzi, wakidhani haupandiki. Baada ya miaka zaidi ya 300 mji ukatekwa tena kwa namna iyo hiyo. Watu wa Sardi walikuwa na jina kubwa na ulinzi mdogo. Kanisa lao likawa kama mji wao.

Lakini sikilizeni dawa ambayo Bwana awapa. Hawaambii wakimbize injini. Hawaambii wapaze sauti. Awaambia waamke, wakayatie nguvu yale machache ambayo bado yapo kabla hayajakufa nayo. Awaambia wayakumbuke yale waliyoyapokea na kuyasikia. Tena asema kwamba wapo wachache kule Sardi ambao hawakuyachafua mavazi yao. Bwana ametwaa kipima chake, ameona volti mbili tatu, na kwa ajili ya hizo haitupi mashine.

Ndugu msikilizaji, huenda wewe umekuja redioni asubuhi hii ukijiona umekwisha. Hujaomba kwa muda mrefu. Biblia yako ina vumbi. Lakini ukiusikia wimbo aliokufundisha bibi yako, kuna kitu ndani kinatikisika. Ukimwona maskini, moyo wauma kidogo. Usidharau jambo hilo. Hayo ni masalio, na wewe hukujipa, uliyapokea. Anza na hayo leo hii.

Lakini yuko mwingine anayesema, kwangu kipima ni sifuri. Hata hayo masalio hayapo. Yamekwendaje?

Mafundi wanajua namna masalio yanavyopotea. Ya kwanza ni kukaa bure. Jenereta ikinunuliwa, ikafunikwa turubai miezi mingi pasipo kuwashwa, chuma husahau. Haikuvunjika, haikuungua, ilikaa tu. Ya pili ni kuzima mashine ikiwa bado imebeba mzigo, au kuiacha imalize petroli yote huku friji na feni zinavuta umeme. Umeme wa mwisho wanyonywa na mzigo, na chuma chabaki kitupu. Ndiyo maana twashauriwa kuvichomoa vyombo kwanza, kisha kuzima injini. Mtume Paulo awaonya Waefeso wasilale na hasira zao. Naye pia alijua hatari ya kuzima mashine ikiwa na mzigo. Wako waliolala na kinyongo usiku mmoja, wakaamka hawana kitu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Samsoni, kama tusomavyo katika Waamuzi sura ya 16. Aliposhtuliwa usingizini aliruka kama alivyozoea, akitumaini kuwapiga Wafilisti kama kila siku. Mikono ilikuwa ile ile, na sauti ile ile. Hakuwa na habari kwamba nguvu imekwisha kuondoka. Injini iliwaka.

Je, fundi hufanya nini kipima kikiwa sifuri? Hapa ndugu zetu mtusikilize vizuri. Akiisha kuhakikisha kwamba nyaya hazikukatika wala koili hazikuungua, hatafuti kitu ndani ya mashine, maana ndani hakimo. Hutwaa betri ya volti 12, pengine ya gari la jirani au ya mashua. Huchomoa kile kidude cha kudhibiti umeme kisije kikaungua, hupambanua upande wa chanya na wa hasi, kisha hugusisha nyaya za betri kwenye njia ya kaboni kwa sekunde chache tu. Kazi hiyo na ifanywe na fundi, maana umeme hauna rafiki. Sekunde chache, volti 12, kisha betri yaondolewa na kidude charudishwa mahali pake. Mashine iliyokuwa ikinguruma bure tangu jana yatoa volti 240, na taa zawaka.

Hakuna jenereta iliyowahi kujirudishia masalio kwa kujikaza. Ingezunguka mwaka mzima, sifuri ikizidishwa mara elfu tatu ni sifuri. Lazima ipewe kutoka nje. Na ikiisha kupewa kidogo, chaongezeka.

Hiyo ndiyo neema, wapenzi wasikilizaji. Wanafunzi wa Bwana walikuwa wamemwona akiwa amefufuka. Walikuwa na habari kubwa kuliko zote za duniani, walikuwa na miguu ya kwenda na vinywa vya kusema. Lakini Luka atueleza mwishoni mwa Injili yake kwamba Bwana aliwazuia. Aliwaagiza wakae mjini wangoje hata wapewe uwezo utokao juu. Hakutaka injini iondoke bila nuru. Walingoja, wakapewa, na ulimwengu haukubaki kama ulivyokuwa.

Tena mtazame udogo wa betri ile. Volti 12 haziwezi kuendesha friji. Lakini Mungu akitaka kumwamsha mtu, mara nyingi hutumia kitu kidogo namna hiyo: swali la mtoto mezani, barua ya rafiki, neno la mgonjwa kitandani, wema wa jirani asiye wa dini yetu. Twangoja ngurumo, naye aja kwa sekunde chache. Kazi yetu ni kuizima kelele yetu kidogo na kukubali kufunguliwa kifuniko.

Basi juma hili tufanye nini? Twawashauri mambo mawili. Kwanza, kila mmoja ajipime, wala asijipime kwa mlio. Asiulize, nimehudhuria mara ngapi? Aulize, ni nani aliyepata nuru kwangu mwezi huu? Amtaje kwa jina, mbele za Mungu. Ikiwa jina lipo, ashukuru. Ikiwa halipo, asiongeze mafuta. Apige magoti aombe kupewa. Pili, tumkumbuke yule mama mwenye dawa yake mkononi. Kila kichochoro kina mama huyo. Huenda hajabisha hodi kwetu kwa sababu alikwisha kubisha siku moja akakuta giza. Tumtangulie sisi. Tubishe hodi kwake, tumuulize anahitaji nini stima zikipotea, tumtafutie barafu, tumpelekee dawa yake penye friji linalofanya kazi, hata kama ni mbali. Siku hiyo hatutahitaji kumwambia sisi ni akina nani.

Tuombe.

Ee Bwana, uliye na uhai ndani yako, sisi hatuna nuru isipokuwa tumepewa. Utazame yale machache yaliyosalia kwetu, uyatie nguvu. Wale walioishiwa kabisa, uwaguse asubuhi hii kwa mkono wako. Uwatunze wale wadogo wanaosuguliwa kila siku kwa ajili ya wengine, wala usiache nafasi zao ziwe tupu. Uwabariki majirani zetu wote wa kisiwa hiki, na yeyote atakayebisha hodi kwetu leo asikute giza. Twaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, Bwana awe nanyi.